San Ignacio: leba imelindwa, jiko je?

Boti ya kumi na saba husubiri. Nahodha anapunguza mashine pale kwenye mpaka wa eneo la kutazamia nyangumi, abiria wamejikunyata ndani ya majaketi ya kuzuia maji, kamera shingoni, na hata kama mmoja wao katoka Tokyo na kesho ana ndege ya kurudi, haingii mtu mpaka mojawapo ya boti 16 zilizomo itoke. Zilizomo nazo zina saa yake: dakika 90, basi, geuza. Hiyo ndiyo kanuni ya hori la San Ignacio, upande wa Pasifiki wa rasi ya Baja California nchini Meksiko, na ukiniuliza mimi, kanuni hiyo ni habari kubwa kuliko nyangumi mwenyewe.

Najua hilo litawaudhi wapenzi wa nyangumi. Makala nyingi za San Ignacio huanza na mkono wa mtu unaompapasa nyangumi na huishia palepale, kwenye machozi ya furaha. Mimi nataka tuzungumze hesabu: boti ngapi, pesa zinamfikia nani, ardhi ni ya nani, na chakula kiko wapi. Hori hili liliokoka mara mbili, na mara zote mbili kilichoamua ni hesabu. Sasa tumo katika mtihani wa tatu, ambapo hesabu zote za hapo horini zimekaa sawa na nyangumi bado wanapungua.

Kwanza mahali penyewe. Nasema hori, ingawa wenyewe huita laguna: ni mkono wa bahari ulioingia jangwani, wenye kina kifupi, mchanga na tope chini, mikoko kandokando. Mtu wa Lamu angeitambua harufu yake maji yanapokupwa. Kinachokosekana ni mvua. Mji wa karibu, nao ukiitwa San Ignacio, uko bara kiasi cha kilomita 60, kwenye chemchemi iliyozungukwa na msitu wa mitende iliyoletwa na mapadri Wajesuti, walioanzisha misheni pale mwaka 1728. Mtu wa Muscat akishushwa hapo usiku, asubuhi angedhani hajatoka kwao.

Kuanzia mwisho wa Desemba, wakati huku kwetu kaskazi imeshika, nyangumi wa kijivu huanza kuingia kujifungua: hori hili ni leba yao. Wametoka bahari za Bering na Chukchi, kati ya Alaska na Urusi, na wameogelea kilomita 8,000 au zaidi wakiambaa pwani ya Marekani. Mkubwa wao ana urefu wa mita 12 hadi 14 na uzito unaovuka tani 30. Ngozi yake ina mabaka na vijikombe vigumu kama vile vinavyoota chini ya jahazi lililokaa sana majini, na katikati ya vijikombe hivyo wanatambaa chawa wa rangi ya machungwa, kila mmoja akishika kwa makucha. Ndama huzaliwa na urefu wa mita 4 na nusu hivi. Hana mafuta ya kutosha mwilini kumkinga na baridi ya kaskazini, hajui kupumua sawasawa, na huko nje kwenye kina kirefu nyangumi wauaji wanamsubiri. Horini maji yametulia. Mama humbeba juu ya mgongo, humsukuma, humnyonyesha maziwa mazito ambayo nusu yake ni mafuta, na muda wote huo yeye mwenyewe hali, au hula kidogo mno. Anaishi kwa akiba aliyoijaza kiangazi kilichopita. Hilo la akiba tutalirudia, maana kesi yote imelala hapo.

Sisi watu wa pwani hii si wageni kwa nyangumi. Tumewajua kwa ambari iliyookotwa ufukweni ikauzwa kwa bei ya dhahabu, ingawa ambari ni ya nyangumi wa jamii nyingine. Tumewajua kwa Nabii Yunus. Na tunao wetu: nyangumi wenye nundu wanaopanda kutoka Antaktika wakati wa kusi, kati ya Julai na Oktoba, wakapita Mtwara, Mafia, Unguja hadi Watamu, nao wakija kwa shughuli ileile ya kuzaa na kutafuta wenza. Kwa hiyo habari ya leba ya Meksiko isisomwe kama hadithi ya ng'ambo tu.

Uokozi wa kwanza ulikuja baada ya maangamizi. Mwaka 1857 nahodha Mmarekani Charles Melville Scammon alipenya mlango wa hori la jirani, Ojo de Liebre, akakuta nyangumi wamejaa humo. Siri ya namna hiyo haikai. Misimu michache baadaye meli zilikuwa zinapangana mlangoni. Wavua nyangumi walijifunza upesi jambo moja: ukimjeruhi ndama, mama haondoki. Na mama asiyeondoka alivunja mashua kwa mkia, akavunja na mbavu za watu, ndipo wakampachika jina la samaki shetani. Mtu anakuja leba na chusa, anamchoma mtoto, halafu mzazi akipigana anaitwa shetani. Katika muda usiofika miaka 20 uvuvi wa humo horini haukuwa na faida tena, kwa kuwa hapakuwa na wa kumvua. Scammon mwenyewe, uzeeni, aliandika akijiuliza kama aina hiyo itabaki. Ramani za Kiingereza hadi leo zinaliita hori lile kwa jina lake.

Uvuvi wa kibiashara wa nyangumi wa kijivu ulipigwa marufuku kimataifa katika karne ya 20, na Meksiko ikaitangaza Ojo de Liebre kuwa hifadhi ya nyangumi mwaka 1972, San Ignacio ikafuata mwaka 1979. Eneo zima la El Vizcaíno, hekta zipatazo milioni 2.5, likawa hifadhi ya bayosfia, yaani ya viumbe na mazingira yao, mwaka 1988, na mwaka 1993 UNESCO ikayaingiza mahori hayo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 1994 Marekani ikamtoa nyangumi huyu, kwa kundi la mashariki ya Pasifiki, katika orodha yake ya wanyama walio hatarini. Ni wachache waliowahi kutoka katika orodha hiyo kwa sababu nzuri.

Lakini hifadhi za karatasi tunazijua. Kilichobadilisha maisha ya horini ni jambo la mwaka 1972 ambalo halikuamuliwa na serikali. Wavuvi wa hapo walikuwa wanamwogopa nyangumi kwa hadithi walizorithi. Wakiwa majini hugonga ubavu wa boti ili asije karibu. Mvuvi mmoja, Francisco Mayoral, ambaye watu walimwita Pachico, alikuwa na mwenzake ndani ya boti ndogo nyangumi alipoibuka kando yao, akakaa. Hakuondoka. Akajisugua chini ya boti, akatokea upande wa pili, akatulia. Mwisho Pachico akanyoosha mkono akamgusa. Alifariki mwaka 2013, na hadithi hiyo ameisimulia mara nyingi kuliko alivyotupa nyavu.

Kwa nini mnyama aliyevunja mashua za wavua nyangumi aje kushikwa na wavuvi? Wataalamu wana maelezo yao: wengine husema ni kujikuna, wengine ni ndama kupenda mchezo, wengine ni sauti ya mashine. Siwezi kuchagua. Ninachokiona ni kwamba tendo lile liligeuka kuwa ajira. Aliyejua hori, mikondo yake na fungu zake za mchanga ndiye aliyekuwa na boti, na ndiye aliyeanza kupakia wageni. Ndipo zikaja zile kanuni: sehemu ya ndani kabisa, waliko mama na ndama wengi, haiingii boti hata moja, utalii ubaki karibu na mlango, boti zisizidi 16, uvuvi wa nyavu usimame msimu wa nyangumi kwenye eneo hilo. Na boti haimfuati nyangumi. Inakaa, mashine ikiunguruma taratibu, mpaka mwenyewe atake.

Nikumbuke sasa asubuhi moja Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Tuliondoka alfajiri, bahari shwari, chai ya tangawizi kwenye chupa. Pomboo walipoonekana, boti zilizotawanyika ziligeuka zote kwa mpigo kama kuku waliomwagiwa mtama. Nilijaribu kuzihesabu nikapoteza hesabu. Kila nahodha alikuwa anakata mbele ya mwenzake, mpiga kelele wa kila boti anawahimiza wageni, “Ruka! Ruka!”, na watu wazima wenye miwani ya kuogelea wanaanguka majini juu ya pomboo waliokwisha kuzama zamani. Mafuta ya mashine yalielea kwa rangi zake za upinde wa mvua. Nilimuuliza nahodha wetu, mtu mzima, mpole, kwa nini tusisite tukawaacha waje wenyewe. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hasafiri kwenda mwezini. “Mwanangu,” akasema, “mie nikisita na yule hasiti, leo nipeleke nini nyumbani?”

Sijapata kusikia uchambuzi bora wa utalii wa baharini kuliko huo. Kizimkazi na San Ignacio zina historia ya kufanana kuliko tunavyodhani: Kizimkazi pia pomboo walikuwa wakivuliwa, nyama yao ikawa chambo cha papa, mpaka miaka ya 1990 watalii walipoonyesha kuwa pomboo mzima ana thamani kuliko chambo. Wavuvi wa pande zote mbili wakawa waongozaji. Ila San Ignacio nahodha akisita anajua na yule wa pili atasita, kwa kuwa idadi imefungwa, zamu ipo, na leseni ni za vikundi vichache vya watu wanaojuana kwa majina ya mama zao. Wema wa moyo hauna tofauti kubwa kati ya wavuvi wa bahari hii na ile. Tofauti ni kama kusubiri kunakula kwako au hakuli.

Uokozi wa pili ulikuwa wa chumvi. Kaskazini kidogo mwa San Ignacio uko mji wa Guerrero Negro, uliopewa jina la meli ya wavua nyangumi iliyozama pale mwaka 1858, na leo una mashamba ya chumvi ya bahari yaliyo miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Kampuni yake, Exportadora de Sal, ilikuwa ya ubia: serikali ya Meksiko asilimia 51, Mitsubishi ya Japani asilimia 49. Katikati ya miaka ya 1990 wabia hao walitaka kufungua shamba jipya San Ignacio: mabwawa ya kukaushia ya makumi ya maelfu ya hekta, pampu za kunyonya zaidi ya lita 20,000 za maji ya hori kila sekunde, na gati la kilomita 2 hivi kuelekea baharini kwa ajili ya meli.

Mshairi Homero Aridjis na kundi lake la wasanii na wasomi, Grupo de los Cien, walipiga mbiu. Mashirika ya mazingira ya Marekani yakaingia kwa nguvu zao na pesa zao. Barua na kadi zilimiminika Mitsubishi kwa mamia ya maelfu. Tarehe 2 Machi 2000 Rais Ernesto Zedillo, ambaye alikuwa amekwenda horini na familia yake kuwaona nyangumi, akatangaza mradi umefutwa.

Hapa ndipo wengi husimulia ushindi wa sayansi. Sivyo. Kampuni ilikuwa na hoja ngumu kuijibu: Ojo de Liebre iko ubavuni mwa mashamba ya chumvi kwa miongo mingi, na nyangumi bado wanazaa humo kwa wingi. Zedillo mwenyewe hakusema chumvi itaua nyangumi. Alisema mradi ungebadilisha sura ya mahali pasipoguswa, na mahali pa namna hiyo duniani pamebaki pachache. Ni uamuzi wa thamani, kama mzee anayekataa kuuza shamba lenye makaburi. Nauheshimu zaidi kwa sababu hiyo, lakini tusiuvalishe koti la maabara.

Na wapo waliosahauliwa katika picha ile ya mshairi na rais. Wavuvi wa Punta Abreojos, pale gati lilipokusudiwa kujengwa, walikuwa wanachama wa ushirika wenye kibali cha serikali cha kuvua kamba-koche na abalone, aina ya konokono wa baharini, katika eneo lao peke yao. Kamba-koche wale wanauzwa mbali, kwa bei nzuri. Walipoambiwa kutakuwa na ajira za chumvi walipiga hesabu, wakaona wanaombwa kubadilisha mali kwa mshahara, wakakataa. Linganisha na Magarini, kaskazini ya Malindi, kuanzia Gongoni hadi Marereni, ambako Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa wazi juu ya viwanda vya chumvi na kutoa ripoti mwaka 2006: malalamiko ya kuhamishwa, ya mikoko kukatwa, ya mazingira kuharibiwa. Watu wa Magarini hawakuwa na moyo dhaifu kuliko wa Abreojos. Wengi hawakuwa na hati. Mtu asiye na karatasi hata akilia kwa ufasaha gani, mwishowe huulizwa: wewe ni nani hapa?

Meksiko nayo ilikuwa na tundu lake. Ardhi inayozunguka San Ignacio ni ya ejido, yaani ardhi ya jamii iliyogawiwa baada ya mapinduzi yao, na marekebisho ya katiba ya mwaka 1992 yalifungua njia ya ardhi hizo kuuzwa. Chumvi imeondoka, lakini nani angezuia hoteli? Mwaka 2005 wanachama wa ejido ya Luis Echeverría Álvarez waliingia mkataba na mashirika ya hifadhi: ekari zipatazo 120,000 zisiendelezwe kamwe, na wao walipwe dola 25,000 kila mwaka kwa miradi yao midogo. Mkataba huu umesifiwa sana, na kweli ni wa busara. Ila gawanya mwenyewe: ni kama senti 20 za dola kwa ekari kwa mwaka. Hata chupa moja ya soda hununui. Dunia nzima imepata leba ya nyangumi kwa bei ambayo dalali wa viwanja Kigamboni angedhani umekosea sifuri. Kilichowafanya wakubali, nadhani, ni kwamba tayari walikuwa na kipato cha boti. Zile 25,000 zilikuwa nyongeza juu ya msimu mzuri.

Na sasa msimu hauna uhakika tena.

Nyangumi wa kijivu hali samaki. Kiangazi hushuka hadi chini ya bahari za kaskazini, hulala ubavu, hufyonza tope, halafu hulisukuma nje kupitia vichujio vya mdomoni na kubakiza vijidudu vidogo vya jamii ya kamba. Vijidudu hivyo hutegemea mwani unaoota chini ya barafu ya bahari na kudondoka wakati barafu inapoyeyuka. Barafu ikiwa kidogo na maji yakiwa ya moto, karamu hiyo ya sakafuni hupungua. Akiba ambayo mama alipaswa kuja nayo horini haijai.

Kuanzia Desemba 2018 hadi Novemba 2023 mizoga 690 ilihesabiwa katika fukwe za Meksiko, Marekani na Kanada, na mzoga unaofika ufukweni ni sehemu ndogo tu ya waliokufa. Wengi walikuwa wamekonda. Nyangumi aliyekonda anajulikana hata kwa asiye mtaalamu: nyuma ya kichwa, pale panapopaswa kujaa kama shingo ya fahali, panabonyea. Wengine huingia ghuba ya San Francisco, wamechepuka njia wakitafuta chochote cha kula, na huko wanagongwa na meli. Kwa makadirio ya Wamarekani wanaowahesabu wakipita California, walikuwa karibu 27,000 mwaka 2016. Mwaka 2025 walikuwa karibu 13,000. Na ndama waliopita kuelekea kaskazini majira hayo ya mwaka 2025 walikadiriwa kuwa 85, idadi ndogo kabisa tangu hesabu hiyo ianze mwaka 1994. Narudia: 85, kutoka leba zote za Baja California.

Kuna wanaosema tusitaharuki, na wana haki ya kusikilizwa. Mwaka 1999 na 2000 walikufa mamia vilevile, kisha wakarudi wakazidi. Viumbe hawa wanapanda na kushuka kwa kadiri ya chakula. Ni kweli. Lakini vifo vile vya safari iliyopita vilipokoma, idadi iliinuka; safari hii maafa yalitangazwa yamekwisha mwaka 2023, na miaka miwili baadaye kundi lilikuwa limepungua bado. Wachukchi, wenyeji wa pwani ya kaskazini ya mbali ya Urusi, huvua idadi maalumu kila mwaka kwa kibali cha kimataifa, jambo la zamani ambalo halielezi shimo la ukubwa huu. Na barafu yenyewe inatoa ishara za ajabu: mwaka 2013 nyangumi mmoja wa kijivu alionekana Walvis Bay, Namibia, katika bahari ambayo hakuna aliyetarajia kumwona, ilhali katika Atlantiki nzima jamii yake ilikuwa imetoweka tangu karne ya 18. Njia zilizofungwa na barafu zinafunguka, na wapo wanaopotelea humo.

Kwa hiyo San Ignacio imefanya yote tunayowahubiria wavuvi wetu: imegawa zamu, imefunga chumba cha ndani, imekataa kiwanda, imefunga ardhi kwa mkataba isiendelezwe. Leba ni safi, mkunga yupo, mlango una bawabu. Anayekuja kujifungua ndiye hajala. Na jiko liko kilomita 8,000 kaskazini, mikononi mwa watu wengine, wenye magari, viwanda na ndege, zikiwemo ndege zinazowaleta wale abiria wenye makoti.

Hitimisho rahisi lingekuwa kwamba kanuni za horini hazina maana tena. Mimi naona kinyume chake, na ndiyo sababu nimeanza na boti ya kumi na saba. Mama aliyefika na akiba pungufu hana mafuta ya kupoteza kwa kukwepa mashine. Namba 16 iliwekwa nyangumi wakiwa wengi na wanene; haikuteremshwa kutoka mbinguni. Mwaka wenye ndama wachache ingeshushwa, tuseme hadi 10, na msimu ukafunguliwa baadaye kidogo. Wanayo tayari mazoea ya kusubiri, jambo ambalo Kizimkazi bado halijaanza.

Ila boti sita zinazobaki nchi kavu zina wenyewe. Mmoja ana mtoto shuleni, mwingine anadaiwa mashine mpya. Ukimwambia asiingie majini kwa ajili ya joto ambalo hakulisababisha, atauliza swali lilelile la yule mzee wa Unguja, kwa Kihispania. Zile senti 20 kwa ekari ndizo za kuanza kuzungumziwa. Mashirika yaliyolipa mwaka 2005 ili hoteli isijengwe yana kila sababu ya kulipa sasa ili boti isitoke, na bei isipangwe tena kwa kudhani kwamba nyangumi watamalizia deni.

Mwezi wa Aprili mama wenye ndama huondoka wa mwisho. Madume na wasiozaa wameshatangulia tangu Februari. Hupita mlango wa hori wakishika ufukwe, ndama upande wa nchi kavu, mama upande wa bahari kuu. Manahodha hung'oa viti vya wageni kwenye boti zao, wakarudisha nyavu na mitego.